Vita Baridi Vilivyopiga Hodi Kwetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha historia sekondari. Kila mwaka mada ya Vita Baridi ikifika, darasa hupooza: Berlin, Washington, Moscow, majina ya mbali na mikataba ya kukariri. Mwaka mmoja nikafunga kitabu nikauliza: nani ana ndugu anayekaa majumba ya Michenzani, Zanzibar? Nani babu yake alifanya kazi reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia? Nani ana mjomba aliyesoma Urusi? Mikono ikanyanyuka, na maswali hayajakoma tangu siku hiyo. Haya hapa ni yale yanayorudi mara nyingi, ya wanafunzi na ya wazazi wao.

Kwa kifupi, Vita Baridi vilikuwa nini?

Ni mvutano wa Marekani na wenzake upande mmoja, na Urusi ya Kisovieti na wenzake upande wa pili, tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili hadi Urusi ya Kisovieti iliposambaratika Desemba 1991. Vitabu vingi huishia hapo. Kwetu inabidi kuongeza wa tatu: China, iliyokuwa ya kikomunisti lakini kufika miaka ya 1960 ilikuwa haipikiki chungu kimoja na Moscow. Na ukienda Zanzibar, ongeza Ujerumani mbili zilizokuwa zikioneana wivu kama wake wenza.

Kwa nini viitwe baridi wakati watu walikufa?

Kwa sababu jina walilitunga wale ambao kwao havikuwaka. Muulize mtu wa Kisangani au Fizi, Kongo, kama vilikuwa baridi.

Kongo ilikuwa na balaa la utajiri. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, jimbo la Katanga. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, hazikupita wiki mbili Katanga ikajitangazia kujitenga, nyuma yake wakiwa Wabelgiji na kampuni za madini. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliomba msaada Umoja wa Mataifa, akaona unasuasua, akageukia Moscow kuomba ndege na magari. Kwa Washington, hilo peke yake lilitosha kumhesabu adui. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa porini karibu na Élisabethville, leo Lubumbashi, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Mwili wake uliyeyushwa kwa tindikali ili pasiwe na kaburi la kuzuru. Kilichosalia ni jino, ambalo Ubelgiji iliirudishia familia yake Juni 2022, miaka 61 baadaye.

Halafu ukaja uasi wa Simba mwaka 1964, mashariki, kwenye Kongo inayosema Kiswahili. Waasi walishika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, wakashikilia Wazungu mateka. Novemba 24 mwaka huo askari wa miavuli wa Kibelgiji waliangushwa na ndege za Kimarekani kuwaokoa. Magazeti ya dunia yalihesabu Wazungu waliokufa, mmoja mmoja. Wakongo waliouawa na waasi, na waliouawa na mamluki waliokuja kuwafurusha waasi, walikuwa maelfu, na hao hakuna aliyewahesabu vizuri. Mwaka uliofuata Mobutu, mkuu wa jeshi, akatwaa madaraka, akakaa hadi 1997. Wakubwa wa Magharibi walijua anavyoiba. Walimvumilia kwa kuwa hakuwa mkomunisti.

Kwa hiyo methali ya fahali wawili na nyasi ni ya kweli?

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Kila mtihani una mwanafunzi anayeanza insha yake hivyo, na kwa Kongo naikubali. Lakini Kiswahili kina methali nyingine inayosema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na wanasiasa wetu kadhaa walikuwa kunguru hodari. Walijua mnunuzi akiwa mmoja hana haraka, wakiwa wawili bei hupanda. Reli, hospitali, majumba, nafasi za masomo: vingi tulivipata kwa sababu huyu hakutaka yule atangulie. Ninachowaomba wanafunzi wangu ni kuuliza kila mara nani alikuwa kunguru na nani nyasi, maana mara nyingi wote wawili walikuwa ndani ya nchi moja, na wakati mwingine ndani ya mtaa mmoja.

Kwa nini Zanzibar iliitwa Cuba ya Afrika?

Walioiita hivyo ni waandishi na mabalozi wa Magharibi waliopigwa na butwaa. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Januari 12, 1964, kabla hata bendera mpya haijafifia kwa jua, Mapinduzi yakaiangusha serikali ya Sultani. Wageni waliona vijana wenye ndevu na magwanda ya Kikuba wakipiga ukelele wa Kihispania wa ushindi, wakatuma habari kwamba Wakuba wametua. Hao walikuwa Wazanzibari watupu. Miaka michache kabla ya hapo vijana kadhaa walikuwa wamepelekwa Cuba kwa mafunzo, wakarudi na mitindo ya huko. Abdulrahman Mohamed Babu, kiongozi wa chama cha Umma, naye alikuwa amefanya kazi na shirika la habari la China, na hilo likazidi kuwanyima watu usingizi London na Washington.

Serikali ya Rais Abeid Karume ilizitambua nchi za kikomunisti harakaharaka, na Zanzibar ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kupokea ubalozi wa Ujerumani Mashariki. Wamarekani na Waingereza walisitasita kuitambua serikali mpya, na kusitasita huko kuliwapa wenzao nafasi. Muungano na Tanganyika wa Aprili 26, 1964 una sababu nyingi na watu wanabishana hadi leo. Hofu ya kisiwa kugeuzwa uwanja wa mapambano wa mataifa makubwa ni mojawapo.

Ni kweli Wamarekani walikuwa na kituo cha makombora Unguja?

Cha makombora, hapana. Kulikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga, eneo la Tunguu, kimoja katika mlolongo wa vituo vilivyoizunguka dunia kwa ajili ya mpango wa Mercury, wa Marekani wa kupeleka watu angani. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyosikiliza mawimbi ya chombo chake. Lakini neno "roketi" lilikwisha kuingia barazani. Wapo walioandamana wakisema mitambo ile itawaletea Warusi sababu ya kukipiga kisiwa, na huwezi kuwacheka, kwa kuwa hakuna aliyekuja kuwaeleza kwa lugha wanayoielewa. Baada ya Mapinduzi kituo kikafungwa, mwaka huohuo wa 1964.

Na kile kisa cha simu?

Januari 1965 Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Kimarekani, mmoja wao balozi mdogo wa Marekani huko Zanzibar, Frank Carlucci, kwa tuhuma za kula njama. Ushahidi ulikuwa mazungumzo ya simu yaliyonaswa, ambamo mmoja alimwambia mwenzake anahitaji "risasi" zaidi. Kwa maelezo ya Wamarekani, alimaanisha hoja za kuwashawishi wakubwa wake watume salamu za pongezi kwa maadhimisho ya Mapinduzi. Msikilizaji alielewa risasi za bunduki. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi nchi mbili ziligombana kwa sababu ya nahau. Carlucci baadaye alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani.

Majumba ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani yalijengwa na nani?

Wengi hujibu "Wajerumani" na kuishia hapo. Ya mwanzo, ya Kikwajuni na Kilimani, yalikuwa msaada wa Ujerumani Mashariki, sehemu ya ahadi zilizotolewa mara baada ya Mapinduzi. Ujerumani Mashariki ilikuwa na shida yake: nje ya kambi ya kikomunisti nchi nyingi hazikuitambua, kwa kuwa Ujerumani Magharibi ilitishia kuvunja uhusiano na yeyote atakayefanya hivyo. Ilipopata rafiki mmoja katika Bahari ya Hindi ilitaka dunia nzima ione, na hakuna kinachoonekana kwa mbali kama ghorofa.

Wajerumani hao pia walichora mpango wa mji wa mwaka 1968. Ng'ambo, upande wa pili wa mkondo ambao watu wa Mji Mkongwe walikuwa wakiudharau, ndiyo ingekuwa mji mpya: barabara pana zinazokutana, na kando yake majumba marefu ya zege. Michenzani ndiyo matokeo yake. Lakini hapa pesa na mafundi wa nje walikuwa wachache. Kazi kubwa ilifanywa na Wazanzibari wenyewe, kwa kujitolea, na neno kujitolea enzi hizo lilikuwa na maana pana. Siku yako ikifika, unakwenda kubeba mchanga, upende usipende.

Sasa chukua familia moja ya Ng'ambo. Walikuwa na nyumba ya miti na udongo yenye paa la makuti, na ua nyuma ambako mama alipikia na kuku walipekua. Nyumba ikabomolewa, wakapewa fleti: umeme, bomba, choo cha ndani, mlango wenye kitasa. Bure. Kwa mtu ambaye baba yake alipanga chumba kwa mwenye nyumba aliyemtazama kwa jicho la chini, hiyo haikuwa zege tu, ilikuwa heshima, na wazee wengi wa Michenzani hawapendi kusikia mtoto wa leo akiyakejeli majumba hayo. Papo hapo, jiko la mkaa halikupangiwa mahali ghorofa ya nne. Maji yalikuwa hayapandi juu, ndoo zikapandishwa kwa ngazi. Baraza, kiungo cha maisha ya Mswahili, haikuchorwa, basi watu wakaihamishia chini ya ngazi na kando ya barabara, na ndipo ilipo hadi leo. Mchoraji alikuwa amezoea mji wenye theluji, ambako mtu akirudi nyumbani anafunga mlango.

Na kuna upande ambao haukupigwa picha. Washauri wa Ujerumani Mashariki waliojenga fleti walikuwa na wenzao waliosaidia kujenga idara ya usalama. Mahabusu iliyobatizwa jina la mzaha la "Kwa Ba Mkwe" haikuwa mzaha kwa waliopelekwa. Zanzibar haikupiga kura ya kumchagua rais wake hadi 1980. Nyumba mpya ilikuja pamoja na hofu ya kusemwa na jirani wa ghorofa ya juu, na mtu mmoja aliweza kuwa na shukrani na woga kwa wakati mmoja.

Hospitali ya Mnazi Mmoja, kwa wasiojua, iliwahi kuitwa V. I. Lenin. Madaktari wa Kichina walianza kuja Zanzibar miaka hiyohiyo, na hawajaacha.

Nyerere alikuwa mkomunisti?

Hapana. Alikuwa mjamaa, Mkatoliki wa kwenda misa, na mkaidi. Angalia mwaka 1965. Zanzibar ina ubalozi wa Ujerumani Mashariki, Bara ina msaada wa Ujerumani Magharibi, ukiwemo wa kufundisha wanajeshi wa anga. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikataka wa Zanzibar wafukuzwe. Nyerere akatafuta njia ya kati, akawaruhusu Wajerumani Mashariki wawe na ofisi ya ngazi ya chini Dar es Salaam. Bonn ikakasirika na kuondoa wakufunzi wake wa kijeshi ghafla, naye akawaambia wachukue na misaada mingine yote iliyobaki. Jeshi likafundishwa na Wakanada, baadaye Wachina. Desemba mwaka huohuo akavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (leo Zimbabwe), ambako walowezi wa Kizungu walijitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea.

Wanaomsifu husema alilinda utu wa nchi. Wanaomlaumu husema utu haujengi zahanati. Mimi naona wote wanasahau kwamba miaka michache baadaye nchi hiyohiyo ilikuwa ikipokea misaada ya Wachina, ya nchi za Skandinavia na ya Wamarekani kwa mpigo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amejifunza kwamba huyu hatishiki kirahisi.

Ni kweli reli ya TAZARA ilijengwa kwa sababu ya siasa?

Ndiyo, na ya siasa zetu kabla ya zao. Zambia ilikuwa na shaba na haina bahari. Njia yake ilipita kwa makaburu na walowezi wa kusini, na Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa Wazungu wachache Novemba 1965, kamba ikakaza shingoni. Rais Kaunda wa Zambia na Nyerere walibisha hodi Magharibi. Benki ya Dunia ikasema reli hiyo haina faida. China, iliyokuwa maskini kama sisi au karibu, ikasema itajenga. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967: mkopo wa yuan milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30.

Wamarekani hawakukaa kimya. Walisaidia kujenga barabara kuu ya kwenda Zambia, ikienda sambamba na reli kwa sehemu kubwa, kiasi kwamba kuna mahali lami ya mbepari na chuma cha mkomunisti vinapungiana mikono. Hiyo ndiyo furaha ya kunguru niliyoisema.

Ujenzi ulianza Oktoba 1970, ukamalizika 1975, na reli ikakabidhiwa Julai 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kipande kigumu kilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako mlima unapanda ghafla na udongo unateleza, na mahandaki na madaraja yamesongamana. Wachina waliofanya kazi kwa awamu zote walikuwa makumi ya maelfu, na Watanzania na Wazambia walikuwa wengi zaidi. Vijana waliotoka vijijini wakijua jembe tu walirudi wakijua kuchomelea, kulipua mwamba na kuendesha mtambo. Wachina waliishi kwenye kambi zao, wakalima mboga zao na hawakuzoeana sana na wenyeji. Zaidi ya 60 kati yao walifia huku.

Jambo ambalo wanafunzi hawalitarajii ni duka. Gharama za ndani, ikiwemo mishahara ya vibarua, zililipwa kwa namna hii: China ilileta bidhaa, maduka ya umma yakaziuza, pesa ikaingia kwenye reli. Kwa hiyo aliyenunua baiskeli, tochi, sufuria au shati la Kichina miaka ile alikuwa, bila kuambiwa, analaza taruma moja la reli. Na kwa kuwa rafu hazikuwa na kingine, hakuwa na hiari sana. Waliokua miaka ya 1970 hukumbuka chupa ya chai ya Kichina yenye maua kuliko wanavyokumbuka hotuba yoyote.

Je, ilileta faida? Kwa hesabu za shaba, ilichechemea: injini zilikufa, madeni yalirundikana. Lakini nenda Kilombero uwaulize wachuuzi wa ndizi na mpunga waliopanda ile treni ya karibu iliyoitwa Kipisi. Hao hawakuwa kwenye hesabu za Benki ya Dunia wala za Beijing, na ndio walioitumia reli kuliko wote.

Kuna waliopelekwa kusoma Marekani na waliopelekwa Urusi. Nani aliwapeleka?

Hapa Kenya ndiyo mfano mzuri. Kabla ya uhuru nafasi za chuo kikuu kwa Waafrika zilihesabika kwa vidole, na Waingereza hawakuwa na haraka. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaenda Marekani, akahutubia vyuoni na makanisani, akakusanya nafasi za masomo. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Waliochangia ni pamoja na Wamarekani weusi maarufu kama mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, na mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, John Kennedy akiwa kwenye kampeni ya urais na akijua vizuri kura za Wamarekani weusi. Hadi 1963 walikuwa wamefika karibu 800. Mmoja wa walioondoka 1960 alikuwa msichana wa Nyeri, Wangari Maathai.

Jaramogi Oginga Odinga alitazama upande wa pili. Mwaka 1960 alizuru Moscow na Beijing, akarudi na ahadi za masomo. Njia ya vijana wake haikuwa ya ndege ya kukodi na picha za magazeti. Wengi walipita Uganda na Sudan, kwa lori, kwa mashua, kwa miguu, hadi Cairo, ambako ofisi ya Wakenya iliwatafutia hati za kusafiria. Kule Moscow chuo kikuu kipya kilifunguliwa 1960 kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, na mwaka 1961 kikapewa jina la Lumumba. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kujifunza Kirusi na kuzoea baridi ya kupasua midomo.

Masomo hayo yalikuwa mazuri, na maisha yalikuwa mchanganyiko. Serikali zilihubiri undugu, mitaani wengine walikutana na ngumi. Desemba 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu wa Moscow kufuatia kifo cha mwenzao wa Ghana. Waliokuwa Marekani nao walifika wakati mikahawa ya kusini bado inawafukuza weusi. Barua za nyumbani hazikusema yote. Mtoto aliyeuziwa ng'ombe ili apate nauli haandiki kwamba ametemewa mate.

Kurudi ndiko kulikowatenganisha. Mwenye shahada ya Marekani alipokelewa na serikali iliyokwisha kuelekea Magharibi. Mwenye shahada ya Moscow au ya Sofia, Bulgaria, aliulizwa maswali, cheti chake kikapimwa upya, na jina la Odinga likamfuata kama kivuli. Wawili wanaweza kuwa walitoka kijiji kimoja, wote madaktari, mmoja akapewa wodi na mwingine akapewa faili lenye jina lake polisi.

Kwa nini hospitali ya Kisumu inaitwa Russia?

Kwa sababu Warusi waliijenga, katika mambo ambayo Odinga aliyaleta. Ilipokuwa tayari, yeye alikwisha kugombana na Kenyatta, akajiuzulu umakamu wa rais na kuanzisha chama cha upinzani cha KPU mwaka 1966. Mboya aliuawa Julai 1969, na nchi ilikuwa kama petroli. Kenyatta alikuja kuifungua tarehe 25 Oktoba 1969, maneno makali yakarushwa jukwaani, umati ukazomea, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Leo jina rasmi la hospitali hiyo ni la Jaramogi Oginga Odinga mwenyewe.

Che Guevara alikuwa Tanzania?

Ndiyo. Mwanamapinduzi huyo wa Cuba alipita Dar es Salaam kwa siri mwaka 1965, akaenda Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika usiku wa Aprili kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Wakuba walipeana majina ya namba za Kiswahili kwa mpangilio: Moja, Mbili, na yeye akawa Tatu. Alikaa miezi saba. Wapiganaji walitegemea dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, makamanda walitegemea hoteli za ng'ambo ya ziwa, na kiongozi wao Laurent Kabila alionekana mstari wa mbele kwa nadra. Che mwenyewe aliandika kwamba safari ile ilikuwa ya kushindwa. Angani walikuwapo marubani wa Kikuba pia, wakimbizi waliomkimbia Castro, wakirushia ndege upande uliosaidiwa na Marekani. Kwamba Wakuba walikuja kutafutana juu ya vichwa vya Wabembe, wenyeji wa Fizi, ni jambo ambalo hadi leo silielewi vizuri.

Je, ni kweli Dar ilijaa majasusi?

Ilijaa wapigania uhuru, na penye hao majasusi hawakosi. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao hapo tangu 1963. Frelimo ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine walikuwa na ofisi mjini na kambi mikoani, kama Kongwa na Nachingwea. Eduardo Mondlane wa Frelimo, msomi aliyefundisha Marekani na bado akapokea silaha za Wachina na Warusi, aliuawa Dar kwa kitabu kilichofichwa bomu tarehe 3 Februari 1969.

Kiswahili kilinufaika na nini?

Redio. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, BBC 1957, Beijing 1961, Deutsche Welle 1963, bila kusahau Moscow, Washington na Berlin ya Mashariki. Kila mkubwa alihitaji watu wa kusoma habari kwa Kiswahili safi, na vijana wa Unguja, Mombasa na Tanga wakajikuta na kazi kwenye miji yenye barafu. Lugha yetu ilibidi ipate maneno ya "ubeberu", "ukabaila", "mrengo wa kushoto". Msikilizaji wa kijijini mwenye redio ya betri alisikia uongo wa pande zote kwa lafudhi nzuri, akajifunza kuchuja.

Vita vya Kagera vinaingia wapi?

Pembeni. Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda mwaka 1971 Uingereza na Israel hazikuhuzunika. Akawageuka, akapata vifaru na ndege za Kirusi. Mwaka 1978 na 1979, katika vita vya Tanzania na Uganda, pande zote mbili zilipigana kwa silaha zilizotoka kambi ya kikomunisti. Mizinga ya roketi ya Tanzania Waganda waliipa jina la "saba saba", na Kampala kuna wazee ambao hadi leo wakisikia neno hilo hawafikirii maonyesho ya biashara.

Na Oman?

Waliokimbia Zanzibar mwaka 1964 na baadaye walitawanyika: Mombasa, Cairo, Dubai, Uingereza. Oman yenyewe ilikuwa na vita vyake katika mkoa wa Dhofar, waasi wakisaidiwa na Wachina na Warusi, Sultani akisaidiwa na Waingereza na Iran. Sultani mpya, Qaboos, alipotwaa kiti mwaka 1970 alihitaji watu waliosoma na hakuwa nao, akawaita waliokuwa nje. Wenye asili ya Zanzibar wakaja na vyeti vyao, wengine vya nchi za kikomunisti, wakajaza wizara, hospitali na visima vya mafuta. Ndiyo maana mpaka leo Muscat unaweza kusikia "hujambo, bibi" kwenye foleni.

Viliisha lini kwetu?

Kimya kimya. Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1986, kabla ukuta wa Berlin haujaanguka. Ujerumani Mashariki ilifutika Oktoba 1990. Kenya, iliyokuwa imeifungulia Marekani bandari ya Mombasa tangu 1980 na kuvumiliwa mengi kwa ajili hiyo, ilijikuta inabanwa na rafiki zake na kuruhusu vyama vingi Desemba 1991. Mobutu aliachwa kama kandambili iliyokatika.

Nikitaka kuona mabaki kwa macho yangu, niende wapi?

Unguja, tembea kwa miguu kutoka Kikwajuni hadi Michenzani jioni, wakati watu wako nje. Dar, nenda makaburi ya Wachina upande wa Gongo la Mboto. Morogoro kuna Mazimbu, ambako ANC ilijenga shule na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Ukipata treni ya TAZARA inayopita mchana, kaa dirishani kati ya Mlimba na Makambako. Ukifika Kisumu huhitaji ramani: mwambie mwenye boda boda akupeleke Russia, atakushusha getini.